Dawa ya Kunguni

Fikirini wa Chuno hakuwa mvivu, na hilo ndilo lililomponza. Mwanawe Muhidini alipotimiza miaka mitatu alimtengenezea kitanda chake mwenyewe, akakiwamba kwa kamba mpya, kisha akakipaka chote mafuta meusi ya maganda ya korosho, yale yale aliyopaka nguzo za nyumba ili mchwa wasizile. Hapa kunguni hasogei, alisema, akajiona fundi.

Wiki haikwisha, mtoto akaanza kujikuna. Mashavu yakavimba, mikono ikatoka malengelenge, ikawa halali wala hakulaliki naye. Fikirini akaamua ni kunguni, na kunguni maana yake uchafu, na uchafu maana yake mke. Akakipaka kitanda mara ya pili, akamwamuru Somoe afue. Somoe alifua mpaka vidole vikababuka. Akaanika mkeka juani, akachemsha mashuka. Mtoto akazidi, na baba akapaka tena.

"Kunguni wenyewe siwaoni, baba Muhidini," Somoe alisema siku moja. "Nimewatafuta mpaka kwenye kamba."

"Kwa hiyo mwanangu anajikuna kwa kupenda?"

"Sijasema hivyo. Nasema tutafute kingine."

Kukosolewa na mkewe, tena mbele ya jirani aliyekuja kuomba moto, kulimchoma. Angeweza kutoa talaka moja, akanuna wiki mbili, akamrejea mkewe kama walivyofanya wanaume wengi wenye vichwa vya moto. Yeye alitoa tatu kwa pumzi moja, jirani akiwa shahidi na kijinga chake cha moto mkononi. Somoe akafunga nguo zake na mkeka wake, akambeba mtoto mgongoni, akarudi kwao Msimbati.

Kule mtoto akapona. Habari zilipomfikia, Fikirini alisema ni upepo wa bahari. Idi ilipokaribia alikwenda kumwomba mwanawe akae naye siku tatu, na Bi Hadija, mama yake Somoe, akamkabidhi bila maneno mengi. Baba alikuwa amejiandaa. Siku moja kabla ya safari alikipaka kitanda upya, mapenzi yote ya mwezi mzima akayamalizia kwenye zile kamba. Mkeka haukuwepo tena, basi akatandika shuka moja nyepesi.

Asubuhi ya pili Muhidini aliamka macho yamefumba kwa uvimbe. Mwanamke wa kumwogesha hakuwepo, hivyo Fikirini akamwogesha mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu mtoto azaliwe. Akamgeuza. Mgongo mzima ulikuwa umechorwa miraba myekundu, safu kwa safu, na kila mstari ulikuwa na malengelenge.

Aliitazama miraba ile, kisha akaenda kufunua shuka, akazitazama kamba. Mikono yake ilizoea mafuta yale tangu utotoni, ikawa migumu, wala haikumpitikia akilini kwamba kuna ngozi isiyoyaweza. Alikaa chini akalia kwa sauti, hata mtoto akanyamaza akimshangaa.

Akambeba mpaka Msimbati, mwendo wa kutwa. Bi Hadija alimpokea mtoto barazani, akamtazama usoni, akaingia naye ndani. Somoe alikuwa chumbani, yumo edani, na hakutoka. Fikirini akasema na ukuta.

"Ni kitanda, mama Muhidini. Ni yale mafuta ya korosho. Hapakuwa na kunguni wala uchafu. Niliyemuunguza ni mimi."

Uani mtoto alilia akimwagiwa maji.

"Nimekukosea," alisema. "Nataka urudi nyumbani."

"Ungetoa moja," Somoe alijibu. Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo lilimuuma kuliko matusi. "Ungetoa moja tu, Fikirini, saa hizi ningekuwa nafunga nguo."