Uyoga wa Nyuma ya Zizi

Mvua za kwanza zilipoinyeshea Githongo, uyoga ulichipuka juu ya biwi la samadi nyuma ya zizi, wa kijivu, umekumbatiana kama watoto waliogombea blanketi moja. Munyi aliuona asubuhi, akasahau umri wake.

"Dada, njoo uone! Ule wa Mama!"

Gladwell, dada yake mkubwa, alitoka jikoni na ungo. Waliuchuma upesi, maana uyoga ule haumngoji mtu. Jua likiupata utosini huyeyuka ukawa majimaji meusi kama wino.

Gladwell alipoupika, Munyi aliula amefumba macho. Ladha ile ilimrudishia majuma matamu ya utotoni, mama yao akiwa hai, baba yao akishinda nyumbani bila harufu ya pombe, akiwachongea vigari vya mbao huku akiimba zaburi. Majuma hayo yalikuja na masika. Munyi siku zote aliamini kwamba mvua ndiyo iliyomlainisha baba.

Aliposhiba aliinuka kwenda kuchukua bia garini. Tangu mkewe Tabby arudi kwao, usingizi wake ulikuwa ndani ya chupa.

Gladwell alimzibia mlango. "Si leo, wala kesho. Ukichanganya na uyoga huo, moyo utakwenda mbio, uso utawaka moto, utatapika hadi nyongo."

"Nani alikwambia?"

"Mama. Unafikiri alimpikia Baba kwa nini?"

Munyi aliketi polepole. Kumbe vigari vile, zaburi zile, vyote vilitoka sufuriani! Alijihisi kama mtu aliyeibiwa alichokwisha kukila.

"Basi alimtega," alisema kwa uchungu. "Na sisi tukampenda mtu aliyenaswa."

Gladwell alisogeza kuni mekoni. "Mara ya kwanza alimtega, ndiyo. Baba alitapika mpaka tukamwita mchungaji. Mara ya pili aliitazama sahani, akamtazama Mama. Akajua. Akala akamaliza."

"Alijua, na bado akala?"

"Baadaye alikuwa akiuchuma mwenyewe. Wewe ungali umelala, yeye amekwisha kuuleta ndani ya kofia yake, anamwekea Mama hapo mezani. Hawakuwahi kulizungumza."

Kuni zililia, moshi ukamwingia Munyi machoni, naye hakuyapangusa.

"Uyoga umebaki?" aliuliza hatimaye.

"Kidogo," alisema Gladwell, akaivuta sahani ya Munyi ampakulie.