Kibano Kilichoonja Chumvi

"Kosa ni langu," Mjomba alisema, amekishika kibano kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota panya. "Jana nilikiteremsha hiki mpaka kwenye maji."

Maabara nzima ilimwita Mjomba, ila mpwa wake wa damu alikuwa mmoja tu: huyu binti aliyeinamia kompyuta, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Binti alikuwa anapika unga mweusi wa oksaidi ya manganizi, anaupaka kwenye wavu wa nikeli, kisha anaujaza umeme na kuutoa mara maelfu aone kama unachoka kuhifadhi umeme. Kazi ya Mjomba, fundi wa maabara, ilikuwa kuuning'iniza wavu ndani ya maji ya chumvi kwa kibano cha shaba. Wavu uzame, kibano kibaki juu. Basi.

Jana, kwenye kompyuta, mchoro unaoonyesha nguvu ya unga uliporomoka. Na profesa, ambaye angekuja mchana huu, alishasema: unga ukichoka mapema, binti auache, aanze upya na madini mengine. Jasho lote la kuupika na kuupima liende bure.

"Umejuaje?" binti aliuliza polepole.

"Kibano kimeota kijani, maji yamekuwa ya bluu. Kilichokuwa kinaliwa ni shaba. Unga wako umesingiziwa."

"Si nilichora mstari mwekundu kwenye glasi, kibano kisipite hapo?"

"Niliuona."

"Uliuona bila miwani?"

Mjomba akakohoa. Miwani ilikuwa imelala kwenye droo nyumbani tangu mkewe alipomnunulia. Ilimzeesha, alidai.

"Kwa hiyo unga wangu umeitwa mbovu kwa sababu wewe unataka kuonekana kijana."

"Na naonekana?"

"Kaa pale, Mjomba. Usiguse kitu."

Binti akatia maji mapya, akaning'iniza wavu mwingine wa unga uleule, akachuchumaa mpaka jicho lake likawa sawa na mstari mwekundu. Mashine ikaanza: inajaza, inatoa, inajaza, inatoa. Jana mchoro ulianza kuteremka mapema tu, kama mtoto anayeserereka kwa makalio. Mjomba akaikodolea macho kompyuta. Chai yake ikapoa, ikaota utando.

Mchoro ukaenda. Ukaenda tena, umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo.

Profesa alipoingia alisimama nyuma ya kiti, akautazama mchoro kwa muda mrefu, akajikuna shingo.

"Na ule wa jana?"

"Kibano kilizama," binti alisema. Hakusema nani alikizamisha.

"Haya. Endelea na huohuo unga," alisema profesa, akaenda zake.

Binti akacheka peke yake, kicheko cha mtu aliyetua mzigo, akalaza kichwa mezani. Hata hajamaliza kucheka, usingizi ukambeba.

Mjomba akamfunika mabegani kwa koti lake, akavuta kiti karibu, akainama.

"Mpwa wangu," alinong'ona, "hii habari ya miwani, nakuomba, mkazamjomba wako asiisikie."