Mlango wa Amri wa Mkolani

Kwa sura, seva ya majina haikuwa na lolote la kutisha. Ilikuwa kompyuta ya kijivu, Linux ndani yake, imewekwa katika chumba cha matofali kilimani Mkolani, chini ya mnara wa kampuni ya intaneti. Kazi yake ni kupewa jina na kujibu anwani, ili barua pepe ijue iende wapi. Mwaka ule wa tisini na tisa biashara zilifumuka Mwanza kama uyoga, na kila mwenye duka alitaka barua pepe, hata yule asiye na mtu wa kumwandikia.

Paskazia, fundi wa kampuni, aliketi mbele ya mashine hiyo asubuhi ile. Mtu alikuwa amebadilisha anwani ndani ya seva, na wiki nzima barua za kiwanda kimoja cha minofu ya sangara zilipitia kwanza kwa mshindani wake, bei zikasomwa zote. Mlinzi wa usiku, mzee Kashindye, alikuwa muda huohuo katika ofisi ya kampuni Mirongo, mjini, pingu mikononi na askari pembeni, akingoja neno la Paskazia.

Ushahidi ulitolewa na Machibya, mwenye kampuni. Seva hujiandikia yenyewe kila mara mtu anapoketi kwenye kibodi yake, naye alikuwa amechapisha kumbukumbu hiyo na kumkabidhi askari. Humo kulikuwa na mistari ya saa tisa usiku, saa ambayo Kashindye yuko peke yake kilimani. Na kama hiyo haitoshi, mlango wa amri, ule ambao Paskazia huutumia kuiamrisha seva akiwa Mirongo, ulikuwa unamkataa.

"Wamebadilisha kufuli," Machibya alisema, akiwa amesimama nyuma ya kiti chake. "Mzee amewaingiza watu. Wewe thibitisha tu, tumalize."

Paskazia hakutaka kumaliza hivyo. Mzee yule alimwita mwanangu, na kwa umri wake hata usiku mmoja wa mahabusu ungemtoa roho. Akaanza kukagua. Programu ilikuwa hai. Mlango ulikuwa wazi, unasikiliza. Ufunguo wa siri alioutoa Mirongo aliulinganisha na wa hapa herufi kwa herufi, ukawa uleule. Kila kilichoonekana kizima kilimzidishia hofu, maana kama vyote ni vizima na mlango bado unakataa, basi huenda kweli kuna mtu ndani.

Akaiuliza mashine saa. Ikamjibu kwamba ni alfajiri, nayo mabati juu yao yalikuwa yameshaanza kulia kwa jua la saa nne.

Ufunguo ule husafiri ukiwa umegongwa muhuri wa saa, na seva ikiona muhuri haulingani na saa yake huukataa kama noti bandia. Hakuna aliyebadilisha kufuli. Saa ilikuwa nyuma kwa saa sita, na aliyeirudisha nyuma alikuwa yeye. Wiki mbili nyuma umeme ulipokatika, mashine iliwaka ikiwa imesahau saa, naye akampigia mzee, aliyekuwa bado hajatoka zamu, simu kutoka Mirongo, asubuhi, amsaidie kuiweka. "Andika tatu na thelathini," alimwambia, kwa sababu ilikuwa saa tatu na nusu. Mashine huhesabu tangu katikati ya usiku, sisi tunahesabu tangu kunapokucha. Fundi mzima na cheti chake, akasahau.

Aibu ilimchoma, lakini pia alipumua. Mistari ile ya saa tisa usiku ilikuwa saa tatu asubuhi, na wiki hii, kwa kuwa mlango ulimkataa akiwa Mirongo, aliyeketi kwenye kibodi hii kila asubuhi saa tatu ni Paskazia mwenyewe. Akarekebisha saa haraka, akampigia Winnie, msichana wa ofisini Mirongo.

"Jaribu mlango wa amri sasa."

"Umekubali, dada," Winnie akasema.

"Kumbe umepona," Machibya akasema. "Tatizo lilikuwa nini?"

Paskazia aliirudia kumbukumbu kwenye skrini. Kulikuwa na mistari mingine, ya saa tisa alasiri, ambayo hakuna aliyeijali kwa kuwa mchana kila mtu hupanda na kushuka kilima hiki. Nayo ilitaka kuongezwa saa sita. Ilikuwa saa tatu usiku. Saa tatu usiku Kashindye yuko kwake anakula ugali na mkewe, maana zamu yake huanza saa nne. Kabla ya hapo chumba hulindwa na Machibya mwenyewe, kwa kumhurumia mzee, na huruma hiyo ameitangaza mpaka kanisani.

Angeweza kusema saa ilikuwa mbovu, mzee akafunguliwa, na mengine yakafa hapohapo. Lakini Machibya angetafuta mwingine wa kumtwika mzigo, na mwenye ufunguo wa siri alikuwa mmoja tu, Paskazia.

"Winnie," akasema. "Askari bado yupo na ile karatasi?"

"Yupo."

"Saa ya mashine ilikuwa nyuma. Ongeza saa sita kwenye kila mstari, umsomee kwa sauti. Yote, hata ya mchana."

Nyuma yake kiatu cha Machibya kilisugua sakafu. Paskazia hakugeuka. Alisikia mlango wa chumba ukisukumwa taratibu kutoka ndani, ukaingia kwenye fremu yake.

Kwenye simu Winnie alisoma mpaka akafika kwenye mistari ya saa tatu usiku. Sauti nzito ya askari ikasema jambo, na mzee Kashindye akasikika akiuliza kama sasa anaweza kukaa chini. Winnie akarudi, ananong'ona.

"Dada Paska, uko na nani huko?"

"Niko naye," Paskazia akasema. "Njooni."