Ufuko Mtupu

Mpishi alikuwa akimenya nanasi alipomwona mama yake kupitia kidirisha cha jikoni botini. Maji yalikuwa yamekupwa. Mama ameinama mwambani, beseni ubavuni, akibandua kome kwa kisu kikuukuu, hatua mia mbili tu kutoka kwenye katamarani, boti pana ya matumbo mawili ambayo Bosi aliikodi kwa likizo ya familia, siku tano, pamoja na nahodha na mpishi wake.

Sauti ya Bosi ilisikika kutoka juu.

"Nahodha, mimi nilikodi ufuko mtupu. Mbona huu umekuja na mtu wake?"

"Ataondoka mwenyewe, Bosi. Maji yakijaa."

"Yatajaa saa ngapi?"

"Alasiri."

"Kwa hiyo likizo yetu ianze alasiri?"

"Baba watoto, mwache bibi wa watu," mkewe alisema bila kuinua macho kutoka kwenye simu.

"Simfukuzi, namwomba. Mpishi! Twende. Wanawake mnaelewana."

Nahodha alimtazama Mpishi, kisha akageuka kufungua kamba ya boti ndogo ya mpira. Ni yeye aliyemwandikia kwenye fomu ya kazi kwamba amezaliwa bara. Kampuni ya boti haikuajiri watu wa pwani hii. "Wana ndugu wengi mno," meneja alikuwa akisema. Mwezi uliopita mhudumu mmoja alipungiwa mkono na shangazi yake kutoka ufukweni. Hata safari ile hakuimaliza.

Njia nzima Mpishi aliomba mama asigeuke.

Mama aligeuka. Uso ukamchanua, mdomo ukafunguka.

"Mwa..."

Akamwona mwanamume mgeni nyuma ya binti yake. Akaiona sare nyeupe ya kazi aliyovaa binti. Kikamtoka kikohozi kirefu cha uongo, kisha akapiga goti kidogo majini.

"Shikamoo."

 Miaka yote neno hilo lilitoka kwa Mpishi kwenda kwa mama. Halikuwahi kupita njia hii.

"Anakuamkia wewe, dada!" Bosi alicheka. "Sare hiyo! Itikia basi, usimwachie mzee wa watu shikamoo yake mkononi."

"Marahaba," Mpishi alisema.

"Hapa pamekodiwa, mama. Siku tano," Bosi alisema kwa upole. "Si kwa ubaya. Hao ni kome? Tuachie basi. Huyu wetu ana mkono mtamu kweli."

"Mkono mtamu hurithiwa," mama alisema. "Mzazi wake hakula hasara."

Bosi alikunja uso. "Kwani unamjua mzazi wake?"

Nahodha aliacha kuvuta kasia.

"Nitamjulia wapi, baba? Kwetu sisi hatuna watu wa sare."

Akanyanyua beseni kwa mikono miwili, akampa binti yake bila kumtazama. "Waoshe vizuri. Wana mchanga."

Hakupita ufukweni. Aliizunguka rasi kwa kupita majini, maji kiunoni, kisu amekiinua juu kisilowe.

"Umeona?" Bosi alimwambia Nahodha. "Watu wetu si wabaya. Ni kuongea nao vizuri tu."

Mapajani mwa Mpishi, ndani ya beseni, kome walikuwa wakifumba vinywa vyao, mmoja baada ya mwingine.