Mwiko Kati ya Meno

Mama alikuwa ameuma mpini wa mwiko, mikono yote miwili kwenye bati la keki, na nyumba nzima ikanyamaza. Nyumba yetu, jamani, ambayo hata msiba ungekuja ungekuta kicheko ukasubiri mlangoni. Shangazi zangu wawili waliacha kumenya vitunguu. Kaka yetu mkubwa alibaki na simu mkononi. Hata jirani yetu fundi cherehani, tuliyemwita Redio kwa sababu habari zake hazikuwa na kitufe cha kuzimia, alikaa kimya na sindano yake hewani.

Lakini ngoja nirudi nyuma, maana nikianzia hapo mtadhani naongopa.

Mama alioka kwa sikio. Jikoni kwake hapakuwa na saa, wala hakuchoma keki kwa kijiti kuona kama imeiva. Kuichoma keki, alisema, ni kumkatiza mtu maneno. Aliivuta kutoka kwenye oveni yake ya bati, akaiweka mezani, akainamisha sikio. Keki mbichi husema. Ni chiriri ndogo, ya haraka haraka, kama wambea wawili nyuma ya ukuta. Ikiiva, inanyamaza. "Imemaliza ya kwake," angesema mama, na ukiikata unakuta imeiva mpaka kitovuni. Sherehe za mtaa mzima zilipita mikononi mwake, nami niliyekulia chini ya meza ile nilijifunza kuoka na kusengenya kwa pamoja.

Halafu, mwaka aliochumbiwa mdogo wangu, keki zikaanza kubonyea katikati. Ya kwanza tulilaumu unga. Ya pili, mayai. Ya tatu ilikuwa ya mwalimu aliyekuwa anastaafu. Alipoikata mbele ya wageni, uji ulimwagika juu ya kitambaa cheupe. Redio alikuwepo, kwa hiyo kabla sahani hazijaoshwa mtaa wote ulikuwa umeshaila keki ile kwa masikio. Watu wakasema mkono wa mama umezeeka. Hakuna aliyemwambia. Waliacha kuja tu, mmoja mmoja. Mama akabaki akifinyanga maua ya sukari, petali nyembamba hivi kwamba uliona kidole chake upande wa pili, meza nzima ya maua ya keki ambayo hakuna aliyeiagiza.

Aliyeshikilia ni mdogo wangu. Keki ya harusi yake ataoka mama, au hakuna keki. Kaka, mtu anayeogopa aibu kuliko njaa, akasema yeye atanunua dukani. Wakavutana mpaka wakapatana: Alhamisi mama aoke, ikibonyea, kaka anapiga simu. Walipatana hayo mama ameketi pale pale, anatabasamu. Nikasema moyoni, huyu mama ana subira.

Alhamisi, keki ya kwanza ikabonyea. Unga na mayai vilibaki vya keki moja.

Saa tano hivi akaivuta ile ya pili, akainama. Mimi nilikuwa ng'ambo ya meza napangusa sahani, na niliisikia waziwazi kutoka pale nilipo: chiriri, chiriri, inasema kwa pupa. Mama akainuka.

"Imenyamaza," alisema, akanyoosha mkono kuipindua.

Miezi minane yote tangu keki zianze kubonyea ilinijia kwa mkupuo: mlango unaogongwa mpaka mgeni anaondoka, maswali anayoyajibu kwa tabasamu, jinsi siku hizi anavyotutazama midomo badala ya macho. Kwake yeye keki zote zilikuwa zimenyamaza. Nilimshika mkono, nikamgeuza anione usoni.

"Mama, bado inasema."

Aliitazama keki ile kama mtu anavyomtazama rafiki aliyempita njiani bila kumsalimu. "Tangu lini?" aliuliza. Nyuma yangu kaka alikuwa ameshaanza kutafuta namba.

Mama hakulia. Alifanya alichofanya kila siku mikono yake ilipokuwa na kazi: akaubana mwiko kwa meno, akashika bati kwa kitambaa alirudishe motoni. Ncha ya mwiko ikagusa ukingo wa bati.

Akasimama.

Macho yake yakapanuka polepole. Sauti ilikuwa inapanda ule mti, inapita kwenye meno, inaingia kichwani kwa mlango wa uani. Mlango huo sote tunao, na katika nyumba ile iliyojaa watu hakuna aliyewahi kuugonga. Shangazi mmoja aliziba mdomo kwa mkono wenye kitunguu.

Alirudisha keki motoni, akautoa mwiko kinywani. "Inasema," alituambia, kwa sauti ya chini, kana kwamba ni siri ya watu.

Redio ndiye aliyepata ulimi kwanza. Alimsogelea sikioni kabisa, akamuuliza kama miezi yote hii alikuwa hamsikii.

"Kwako wewe nimepumzika, shoga yangu," alijibu mama. "Nilidhani umeacha umbea."

Tulicheka mpaka machozi, na mengine hayakuwa ya kicheko.

Alipoivuta tena, aliuma mpini tena, ncha kwenye bati, kisha akamnyooshea kaka ule mwiko. Kaka akaangalia huku na huku, akainama na tai yake, akauma. Tulimwona anakunja uso, halafu uso unakunjuka. Mkono wake uliirudisha simu mfukoni, nadhani bila yeye kujua.

Jumamosi, siku ya harusi, keki ilisimama chini ya maua yote yale.

Siku hizi jikoni ni kwangu, na watu hawakosi, kelele tele. Masikio yangu ni mazima. Lakini keki ikikaribia kuiva naacha umbea katikati, nachukua mwiko ule ule. Mpini una vibonyo vya meno ya mama. Yangu hayalingani navyo, ila yanakaa humo.