Macho Yaliyobaki Getini

Unapopita mbele ya karakana na ule mwanga wa buluu ukakupiga usoni, unafanya nini? Unageuka. Usibishe, unaonekana. Unageuka, unavuka barabara, unaendelea na safari zako. Yule aliyeinama juu ya chuma hana pa kugeukia. Leo na wewe hutageuka. Kaa hapo usikilize habari za Cheche.

Cheche alikuwa fundi wa kuchomelea. Jumanne moja, saa nne asubuhi, alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, anakunywa chai, mteja alipoingia karakana: mama mmoja mwenye tepu yake mwenyewe ya kupimia, jambo lililomfanya Cheche ampende papo hapo. Mama alitaka geti. La mikuki juu hakulitaka, alisema litamfanya ajione mfungwa. La bati zima hakulitaka pia, linazuia upepo. Alifunua picha za mageti za karakana moja baada ya nyingine, mwisho akachagua la nondo zilizo wazi, milango miwili, na maua manane ya chuma.

"Manane, fundi. Yasije yakawa saba."

"Ukikuta saba, mama, mahali pa la nane nitakaa mimi mwenyewe."

Wakacheka.

Karakana ile ilikuwa na kinyago kimoja cha kukinga macho, kipya, kikiwa bado ndani ya nailoni yake, kimefungiwa kwenye kabati la ofisini. Mkaguzi akija, mwenye karakana alikitoa. Mkaguzi akiondoka, alikirudisha.

"Kikitumika kila siku kitachakaa," alisema. "Halafu mkaguzi tutamwonyesha nini?"

Kwa hiyo Cheche alichomelea kwa miwani ya jua na kwa ujuzi wa kufumba jicho moja, kama alivyofanya miaka kumi na tisa. Geti lilimchukua siku tisa. Kila kiungo kilimchukulia nuru kidogo ya macho. Siku ya tisa, alipomaliza ua la nane, aliinua kichwa.

"Umeme umekatika?"

"Umeme upo, Cheche."

"Basi ni mimi," akasema, akaomba mtu amwonyeshe benchi lilipo.

Kesho yake wenzake walikwenda kulifunga geti. Cheche alibaki kwenye benchi nje ya karakana. Kama saa tano hivi akasema bawaba ya chini kushoto imekaa upande, waipandishe kidogo. Waliobaki karakana wakapiga simu. Kule wakaweka pima maji, wakakuta kweli. Ndivyo ilivyojulikana kwamba macho ya Cheche yamebaki kwenye geti.

"Afadhali," alisema mwenye karakana. "Kumbe hayajapotea."

Kwa kuwa nondo zilikuwa wazi, Cheche aliona pande zote mbili. Ndani aliona gari na kamba ya nguo. Nje aliona barabara, na kwenye barabara hiyo binti yake alipita kila asubuhi kwenda kazini kwa dobi. Siku ya kwanza binti alisimama mbele ya geti, akajizungusha. Jioni akamuuliza, "Nilivaa nini, baba?"

"Kitambaa cha kijani. Na kiatu cha kushoto kimeachia soli. Unatembea hivyo kama huna baba?"

Kiatu kilishonwa. Binti akawa anasimama pale kila siku, dakika mbili tatu. Miezi ikapita, tumbo lake likaanza kuonekana, likakua. Mume wake alifanya kazi mbali. Cheche hakuwa na hamu ya kitu kingine chochote cha kuona duniani.

"Mtoto akizaliwa, mlete asubuhi," alimwambia. "Jua la jioni linanipiga usoni."

Mama mwenye nyumba alikuwa akilisalimia geti kila akitoka. Lakini mwezi mmoja kabla ya mtoto kuzaliwa alikuja karakana, akakaa kwenye benchi karibu na Cheche, mkoba mapajani.

"Fundi, mimi na wewe hatuna ugomvi. Ila majirani wananiuliza yule msichana mwenye tumbo anasubiri nini getini kwangu. Halafu wanamwangalia mume wangu. Nataka bati, upande wa barabarani."

"Mwezi mmoja tu, mama. Nimwone mjukuu, kisha uzibe."

"Wewe huulizwi maswali sokoni, fundi. Mimi naulizwa." Alimshika mkono, akaukandamiza, akaingia ofisini kuagiza bati.

Kazi alipewa Kimya, aliyeitwa hivyo kwa sababu hakuwahi kunyamaza. Alishachukua nafasi ya Cheche kwa miezi sita ya madirisha na vitanda, na macho yake yalikuwa yanakwisha polepole. Akiwa kwenye benchi, Cheche alimwona kule getini amechuchumaa, jicho moja amelifumba.

"Mpeni kinyago!" akapaza sauti.

"Kipo salama kabatini!" akajibiwa kutoka ofisini.

Bati lilipanda kutoka chini. Kitu cha mwisho Cheche alichokiona barabarani ni paji la uso la Kimya, na nyuma yake watu wakipita, wote wamegeuza nyuso.

Jumamosi Kimya aliletwa benchini ameshikwa mkono. Akaketi, akaendelea na habari za mama mkwe wake pale pale alipoziachia. Aliongea wiki tatu. Asubuhi moja akakatisha katikati ya neno.

"Cheche. Binti yako yuko getini, mbele ya bati langu."

"Na nani?"

"Na mtoto. Anamfunua uso."

"Sema basi!"

"Nywele nyingi. Paji pana kama lako, masikini. Anapiga miayo."

"Macho je?"

"Kayafumba." Kimya akasogea mbele kwenye benchi. "Subiri. Kayafungua."

"Mazima?"

"Mazima kabisa."

Cheche aliitikia kwa kichwa, akafuta mashavu kwa kiwiko. Ndani ya karakana fundi wa tatu alikuwa anapewa vipimo vya geti la jirani. Kabati lilikuwa limefungwa. Ufunguo ulikuwa kwenye mfuko wa shati la mwenye karakana, upande wa kushoto.

Nawe una geti. Toka nje sasa hivi, simama mbele yake, liangalie mpaka likuangalie. Kisha nenda kwenye karakana lilikotoka, hasira ikiwa bado ya moto, useme: fungua kabati. Usiagize hata bawaba moja kabla hujaona kinyago usoni mwa mtu. Usiniambie kesho. Fundi wa tatu ameshawasha mashine.