Jirani Mmoja wa Bahati

Mwaka wa uchaguzi, themanini na tatu, Warigia wa mtaa wa Bahati alikuwa chuo kikuu. Mwalimu wake akamtuma awaulize watu wa kwao maswali: Rais wanamwonaje, karo je, na bei ya unga? Bila majibu hayo angeanguka mtihani.

Mamake aliposikia, sufuria ilimponyoka. Siku hizo watu walitazama nyuma kabla ya kupiga chafya. Isitoshe, kiti cha rais kilikuwa na mgombea mmoja. Kuna nini cha kuuliza? Lakini binti huyo akijitwika jambo hatui. Mama akaona heri amtangulie.

Kulipokucha alikuwa mferejini, akimnong'oneza kila mwenye ndoo kwamba mtoto wake atapita na maswali, na wote wajibu kila kitu kiko sawa. Mdomo uliponza kichwa, akawakumbusha.

Wakamtii kupita kiasi. Unga uko sawa, karo iko sawa, hata maji, ambayo mchana ule hayakutoka, yako sawa. Mwalimu alipoona majibu hayo akacheka, akamwambia Warigia kwamba ameyatunga mwenyewe kitandani. Arudie, la sivyo ameanguka.

Mama alimsikia akilia chumbani. Hofu ya polisi na hofu ya mtihani zikashikana mieleka ndani yake, na mtihani ukashinda, kwa shida. Aliwajua watu wa Bahati: hakuna mwenye maoni yake, ila kila mtu ana ya jirani.

"Usiwaulize wao wanaonaje," akamwambia. "Uliza majirani wanasemaje. Na jina la mtu usiandike."

Siku ya pili akamfuata kwa mbali na kikapu, kama anayekwenda kununua mboga ya sukuma, akajibanza nyuma ya ua wa Mzee Nahashon, mstaafu wa reli.

"Mimi sina neno, binti yangu," mzee alisema. "Ila mamako analalamika sana. Anasema unga umepanda mpaka ugali umekuwa wa kuonja."

Mama akashika kikapu kwa mikono miwili. Nyumba ya pili Mama Aloo akasema yeye ameridhika kabisa. "Lakini Mama Warigia anasema kura ya mtu mmoja ni kama kwenda kuchagua mume kwenye boma lenye kijana mmoja."

Kufika jioni mama alikuwa amepinga karo, amelaani foleni za hospitali na kuidai halmashauri maji, na kinywa hajafungua. Alimkuta Mzee Nahashon mferejini, akamuuliza ni lini alisema hayo yote.

"Si wewe ulituambia tunyamaze, mama?" mzee akamjibu taratibu. "Tukanyamaza. Mwenye mdomo mtaani ukabaki wewe."

Basi wewe mzazi unayewafunga wenzako midomo kwa kumhofia mwanao, jihadhari. Maneno yao yatatafuta pa kutokea, na hawatakuuliza kama uko tayari.

Warigia alifaulu, tena vizuri. Mwalimu alitaka kujua tu huyo "jirani mmoja" anayetajwa kila nyumba ni nani, maana angependa kuja kumsalimu.

"Mwambie amehama," mama akasema, akainuka kufunga dirisha.